Nabii wako anaishi wapi?

Ndugu msomaji, dada yangu mdogo hasikii vizuri kwa sikio la kushoto. Ukifika kwetu hapa Nsambya atakukaribisha, atakuwekea kiti upande wake wa kulia, na ukikosea ukaketi kushoto atakuhamisha bila kueleza kwa nini. Wageni wengi hudhani ni honi za malori ndizo zilizomharibu, maana amefanya biashara ya mpakani Malaba kwa zaidi ya miaka 20. Chanzo chake ni ushauri aliopewa mwaka 2009, nami nilikuwa mmoja wa walioutoa. Amenipa ruhusa niandike habari hii kwa sharti nisimtaje jina, wala nisiifanye ipendeze kuliko ilivyokuwa.

Nianzie mbali kidogo ili nieleweke. Sisi ni watoto wa ukimbizini. Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Uganda alipouawa chini ya utawala wa Idi Amin, Wakristo wengi wenye elimu walijua kwamba zamu yao yaja. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi alitoroka na mkewe wakavuka milima kwa miguu hadi Rwanda, hatimaye akafika Kenya. Baba yetu hakuwa askofu, alikuwa mwalimu tu na mlokole. Alivuka mpaka usiku pamoja na mama, wakiwa na redio moja na blanketi. Mimi nilizaliwa Bungoma mwaka 1979, dada akafuata mwaka 1982. Tulisoma huko mpaka mimi nikamaliza kidato cha nne mwaka 1996. Kiswahili ninachofundisha leo Kampala nilikipata huko, kwa fimbo na kwa mapenzi, na sijui kipi kilizidi.

Kuna kisa kimoja cha Bungoma ambacho mama alikuwa akitusimulia tena na tena. Aprili 1979 redio ile ilipotangaza kwamba Kampala imetekwa na majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, wakimbizi walicheza barabarani. Baada ya wiki moja swali lilikuwa moja tu: turudi? Walokole walikuwa wakikutana nyumbani kwa mzee mmoja, na kila mtu alikuwa na neno lake. Yuko ndugu aliyesema ameoteshwa ndoto, kwamba Bwana anawarudisha watu wake kama alivyowatoa Babeli. Hakuna aliyemcheka wala aliyemkemea. Ndoto yake iliwekwa mbele ya wote, kama ilivyokuwa desturi ya walokole tangu siku za Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church, kwamba jambo lako unalileta nuruni, ndugu waliangalie, waligeuze, wakuulize. Ndipo mama mmoja mzee, asiyejua kusoma, akasema: "Je, Bwana amekataza tutume watu wawili wakaone kwanza?"

Wakatumwa wawili. Walirudi baada ya majuma matatu wakasema, msiende bado. Mmoja wa hao wawili alikuwa yule yule aliyeota ndoto.

Wazazi wangu wakabaki. Yaliyotokea Uganda kuanzia 1980 hadi 1986 wasomaji wa ukurasa huu mnayajua, na wengine wenu ndiyo yaliyowakimbiza.

Tuliporudi mwaka 1997 tulikuta mambo ambayo kila aliyerudi ameyakuta. Shamba la babu lilikuwa limegawanywa, na waliogawana walituamkia kwa heshima kubwa. Hayo ya ardhi tuyaache leo. Hasara nyingine, ambayo mtu haioni siku ya kwanza, ni kwamba tulikuwa hatuna wazee. Mtu aliyekaa kijijini kwao ana shangazi, ana mjomba, ana jirani anayemjua tangu akitambaa. Akipewa ushauri wa kijinga jioni, asubuhi yuko mtu wa kuucheka. Sisi tuliorudi hatuna wa kutucheka. Wazee wetu tuliwazika ugenini, na waliobaki nyumbani hawatujui tabia. Basi tunaingia kanisa la kwanza linalotuita "familia", na yule anayesimama mbele tunamfanya baba, shangazi na jirani kwa pamoja. Huo ni mzigo mkubwa kwa mtu mmoja hata akiwa mtakatifu.

Mfanyabiashara wa mpakani, hata kama hajapata kuwa mkimbizi, yumo katika hali hiyo hiyo. Jumapili moja yuko Busia, ya pili yuko Eldoret, ya tatu yuko Kisenyi akingojea mzigo. Anasali pale usiku ulipomkuta. Anayemhubiria hajui mumewe, hajui deni lake, hajui hata kama ana watoto.

Sasa nirudi kwa dada. Alikuwa akileta vyombo vya plastiki na viatu kutoka Nairobi. Mwaka 2007 aliugua kifua kikuu, akapimwa, ikabainika kwamba ana virusi vya Ukimwi. Alitibiwa kifua, kisha akaanzishiwa dawa za kupunguza makali, ambazo tangu mwaka 2004 zilikuwa zimeanza kupatikana bure kwa watu wa kawaida kama sisi. Akanenepa. Akarudi njiani. Mwanzoni mwa 2009 aliingia hema moja la ibada katika mji wa mpakani, pamoja na mwenzake wa biashara. Sitataja hema lile wala mhubiri wake.

Mhubiri aliita wagonjwa mbele, akawaombea, akamwambia dada kwamba amepona. Kisha akamwambia mambo matatu. La kwanza, kila kidonge atakachomeza kuanzia siku ile ni ushahidi mbele za Mungu kwamba hakuamini. La pili, apande mbegu ya shukrani, yaani fedha, na hata akiwa safarini anaweza kuituma kwa simu ya mkononi, maana huduma hiyo ilikuwa imeanza Uganda mwaka huo huo. La tatu, asiwaambie ndugu zake, kwa kuwa watamchafulia muujiza.

Watu wakisikia kisa kama hiki husema, "Wanawake wajinga." Dada yangu huweza kugeuza shilingi ya Kenya kuwa ya Uganda kichwani huku amebeba furushi mgongoni na afisa wa forodha anamfokea. Hakumtii mhubiri mara moja. Na lile la tatu alilivunja, kwa sababu alikuja kwangu. Ilikuwa jioni, nasahihisha madaftari ya kidato cha pili. Akaketi, akaeleza yote, akauliza: "Kaka, nifanyeje?"

Nikajibu bila kuinua macho: "Fuata imani yako. Mimi siwezi kumpinga mtumishi wa Mungu."

Wakati ule nilidhani huo ni unyenyekevu. Ulikuwa uvivu uliovaa kanzu. Niliogopa kwamba nikisema "meza dawa" akafa, nitalaumiwa, na nikisema "acha dawa" akafa, nitalaumiwa pia. Kwa hiyo nilimrudishia swali lake kama alivyolileta, nikalifunga kwa maneno ya Kikristo. Ndugu msomaji, uchunguze moyo wako: mara ngapi umemwambia mtu "omba tu, Mungu atakuongoza," kumbe maana yake ni "usinisumbue"?

Aliacha dawa. Kwa miezi kadhaa alikuwa mzima, nasi tukashukuru. Oktoba alianza kukohoa. Novemba alikuwa amelala. Nabii alipigiwa simu, akasema mgonjwa ana imani haba, aongeze mbegu. Alipopigiwa mara ya pili simu haikupokelewa. Tulipomtuma kijana mpakani, akakuta uwanja mtupu na vigingi. Hema lilikuwa limehamia mji mwingine.

Aliyemwokoa dada yangu ni mama mmoja wa kambi ya polisi ya hapa Nsambya, mjane wa askari, Mwislamu anayesali Kibuli, mlima wa jirani. Alikuwa akikaanga mandazi, na dada alikuwa mteja wake. Asipomwona kwa siku nyingi akaja kumwangalia. Kiswahili chake ni kile cha kambini kisichohangaika na ngeli, nami kama mwalimu huwa kinaniwasha masikio, lakini siku ile sikukisahihisha. Alisikiliza habari yote ya muujiza, asiidharau. Halafu akauliza: "Hiyo nabii yako, inakaa wapi?"

Dada hakujua.

"Na usiku ukizidiwa, nani atabeba wewe?"

Dada akanyamaza. Mama akafunga leso yake, akasema: "Basi ni mimi nitabeba wewe. Na mimi nasema twende hospitali."

Kwa kuwa kifua kikuu kilikuwa kimerudi kwa mtu aliyewahi kutibiwa, utaratibu wa siku zile ulikuwa ni kuongeza sindano ya streptomycin kila siku kwa miezi miwili juu ya vidonge. Dawa ile huweza kuharibu masikio, na daktari alimwonya mapema. Alipona kifua, akarudishwa kwenye dawa zake, na mpaka leo yu hai na anauza. Sikio la kushoto halikurudi. Mtaji nao ulikwenda kwa mbegu na kwa usafiri. Yule mwenzake aliyeingia naye hemani siku ile ile tulimzika Januari 2010.

Tangu hapo maswali mawili ya mama wa mandazi nimeyabeba kila mahali. Anaishi wapi? Na nani atakubeba? Nimeyatumia kusoma upya habari za mbali, nikaona yanafungua milango mingi.

Chukua Kanungu. Kutoka hapa Nsambya hadi kule kusini magharibi ni safari ya siku nzima, lakini habari ile ilipita mlangoni petu. Barabara ya Ggaba, inayotoka hapa kwetu kwenda Kabalagala na Kansanga, ndiyo inayokupeleka upande wa Buziga, ambako Aprili 2000 polisi walifukua miili zaidi ya 50 katika nyumba aliyokuwa amekodi padri Dominic Kataribaabo. Mwezi mmoja kabla, Ijumaa tarehe 17 Machi, mamia ya wafuasi wa Vuguvugu la Kurejesha Amri Kumi za Mungu waliteketea ndani ya jengo lao la ibada, madirisha yakiwa yamepigiliwa misumari. Mashimo yaliyofukuliwa baadaye sehemu mbalimbali yaliipeleka hesabu ya waliokufa kupita 700.

Hebu tuwaangalie washauri wa watu wale. Unayesema "mimi humsikiliza aliyesoma," Kataribaabo alikuwa padri mwenye shahada ya juu aliyoipata katika chuo kikuu cha Marekani. Unayesema "mimi humsikiliza mtu wa heshima, mwenye nyumba na jina," Joseph Kibwetere alikuwa mtu wa namna hiyo, amewahi kuanzisha shule na kushiriki siasa za chama cha Democratic. Nawe unayesema "mimi humsikiliza mwenye maono," Credonia Mwerinde alisema Bikira Maria anazungumza naye, na yeye ndiye aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote. Elimu ilikuwapo, heshima ilikuwapo, maono yalikuwapo. Askofu wao alikuwa amewakanya na kuwasimamisha mapadri waliohusika, lakini waumini walikwisha kuambiwa wasimsikilize.

Jambo moja la Kanungu hunirudia usiku. Watu wale walikatazwa kuzungumza. Isipokuwa wakati wa sala na nyimbo, waliwasiliana kwa ishara za mikono, ati wasije wakamshuhudia jirani uongo na kuvunja amri. Waliuza mashamba na ng'ombe wakakabidhi fedha. Waliambiwa dunia itakwisha ifikapo mwisho wa 1999. Haikwisha, tarehe ikasogezwa. Fikiria watu mia kadhaa ambao kila mmoja ana shaka yake moyoni na hana ruhusa ya kumnong'oneza aliyelala naye mkeka mmoja. Yule bibi wa Bungoma angeuliza swali lake kwa ishara gani?

Hapo ndipo nilipoona tofauti. Ndoto ya ndugu wa Bungoma na maono ya Kanungu, ukizisikia siku ya kwanza, zinafanana sana. Zote mbili zinatumia maneno ya Biblia. Moja ililetwa mbele ya watu waiulize, na mwenye ndoto akaenda mwenyewe kuipima kwa miguu yake. Nyingine ilizibwa mdomo kila upande, na viongozi wake walipotafutwa na polisi, haikujulikana kwa hakika kama waliungua pamoja na kondoo wao au walikuwa wameondoka.

Shakahola mnaijua, hasa ninyi mnaopita Busia kila wiki na kusoma magazeti ya Kenya. Miaka 23 baada ya Kanungu, kuanzia Aprili 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu ule wa Kaunti ya Kilifi, na mhubiri Paul Mackenzie akafikishwa mahakamani. Wafuasi walisadikishwa kwamba wakifunga mpaka kufa watamwona Yesu. Kabla ya kufunga yalikuja mafundisho mengine yaliyoonekana madogo: msiende hospitali, msipeleke watoto shule. Mimi mwalimu niliisoma sehemu ile ya shule mara mbili. Shule zetu zina matatizo mengi, nami naweza kuyahesabu mpaka jioni, lakini hata shule mbovu ina faida moja, kwamba mtoto asipoonekana siku tatu kuna mtu atauliza yuko wapi. Hospitali nayo ni hivyo, hukosi mtu mwenye daftari lenye jina lako. Kule msituni hapakuwa na daftari.

Wako wanaosema dawa ya haya ni vyeti, kwamba serikali isimruhusu mtu kuongoza kanisa mpaka awe na shahada ya teolojia. Rwanda iliweka sheria ya namna hiyo mwaka 2018 na maelfu ya makanisa yakafungwa. Wenzetu wa Katuna wanaijua vizuri. Sina ugomvi na mtu kusoma, mimi ndiyo kazi yangu. Ila Kataribaabo alikuwa na vyeti, na bibi wa Bungoma hakuwa na hata kimoja.

Najua jibu la wengi wenu. "Mwalimu, mpakwa mafuta wa Bwana hajaribiwi." Na mimi ndivyo nilivyoamini jioni ile nikiwa na madaftari yangu. Lakini Biblia yenyewe haituruhusu kulala usingizi huo. Fungua Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 13, sura ambayo sijasikia ikihubiriwa hemani. Nabii kijana alikuwa ameagizwa na Mungu asile wala asinywe njiani. Nabii mzee wa Betheli akamfuata, akamwambia kwamba malaika amemwagiza amrudishe nyumbani ale chakula. Alikuwa anasema uongo. Kijana akaamini kwa sababu aliyesema ni nabii, tena mzee, akarudi, akala, na alipoondoka akauawa na simba. Aliyemdanganya alikuwa nabii kweli, wala hakuwa mganga wala mpagani. Kwa nini alidanganya, sura ile haielezi.

Halafu nenda Kitabu cha Pili, sura ya 5. Naamani, jemadari mkubwa, ana ukoma. Anayemwonyesha njia ya kupona ni msichana mdogo aliyetekwa vitani, mtumishi wa mke wake, mtoto wa uhamishoni kama tulivyokuwa mimi na dada. Naamani alipokasirika akataka kurudi kwao, waliomtuliza ni watumishi wake. Msichana yule hakuwa na cheo wala sauti, na hakuwa na faida yoyote ya kupata Naamani akipona. Alikaa nyumba ile ile. Neno lake lingekwenda kombo, yeye ndiye angepigwa wa kwanza.

Wafanyabiashara, ninyi mnalijua jambo hili kuliko walimu. Pale Malaba mbadilisha fedha anakupa noti zako, nawe unazihesabu mbele yake, moja baada ya nyingine. Mkweli anatazama kando, anapiga soga, anangoja umalize. Ukikuta anayekasirika na kusema "huniamini?" unajua la kufanya na fedha zako. Kwa nini basi tukifika kanisani tunapokea bila kuhesabu, na anayetukaripia tunamwona mtu wa kiroho zaidi?

Nisiwe mwonevu. Mlima huu wa Nsambya umejaa ushuhuda wa washauri wa aina nyingine. Mwaka 1903 walifika hapa masista wa Kifransisko, mmoja wao Mwairishi ambaye watu walikuja kumwita Mama Kevina. Waliwakuta mapadri wa Mill Hill, wakaanzisha zahanati ndogo ambayo leo ni hospitali nzima. Wangeweza kuwaambia wagonjwa sala zinatosha. Walikuwa na sala nyingi kuliko sisi. Wakati ule sheria ya Kanisa lao ilikuwa ikiwazuia watawa kufanya kazi ya ukunga, na zuio lile halikuondolewa na Roma mpaka mwaka 1936. Mama Kevina alilitii Kanisa lake, na wakati huo huo hakuacha kuwatafutia kina mama wa Uganda wakunga. Wanaodhani kutii na kuuliza haviwezi kukaa katika mtu mmoja, waende wakasome maisha yake.

Na si wachungaji wote wa makanisa ya mabati ni kama yule wa hema. Anayemchunga dada yangu sasa ni Mpentekoste wa hapa mtaani. Anaishi chumba cha nyuma ya kanisa, mkewe anauza nyanya, na deni lao la duka tunalijua sote kwa sababu mwenye duka ana mdomo. Kila mwanzo wa mwezi humwuliza dada: "Umechukua dawa?" Akisema ndiyo, wanaomba. Akisema bado, anamwambia aende kwanza, maombi yatamngoja. Yeye pia anaamini miujiza, na hunena kwa lugha mpaka mimi Mwanglikana natoka nje kupunga hewa. Lakini anaishi mahali ninapopajua, na usiku wa manane nikigonga mlango wake utafunguliwa.

Utaniuliza, mtu akiuliza watu kumi akapata majibu kumi, amtii nani? Swali la haki, na sina kanuni ya kukupa. Kuna hata wanaozunguka kutafuta ushauri ili tu wapate wanaoutaka. Namjua mzee mmoja aliyezunguka makanisa manne mpaka akapata la tano lililomruhusu kuoa mke wa pili, na sasa anamlaumu mchungaji wa tano. Ninachoweza kusema ni kile nilichokiona kwa macho. Aliyeambiwa asiulize mwingine alizikwa. Aliyevunja agizo hilo aliuliza mtu mvivu, yaani mimi, na hata hivyo kule kuuliza kulimwacha na mlango wazi, ndiyo maana mama wa mandazi alipofika alipokewa. Ningejibu vizuri, labda angekuwa na masikio yote mawili. Mwenzake sijui aliuliza nani. Nimefikiri mara nyingi kwamba huenda hakuwa na kaka wala mnunuzi wa jirani wa kugundua kwamba hajaonekana.

Mama wa mandazi amezeeka sana, miguu imevimba, hapandi tena bodaboda. Watoto wake walimhamishia kijijini. Dada humpigia simu kila Ijumaa baada ya sala ya adhuhuri, akiwa ameshika simu kwenye sikio la kulia.

Jumapili iliyopita alikuja kwetu binti mmoja aliyerudi nchini miaka michache iliyopita, anayeanza biashara ya vitenge. Kanisa analosali linajenga, na ameshauriwa achukue mkopo wa kikundi atoe ahadi yake yote kwa mara moja, Mungu atamrudishia mara saba kabla ya mwaka kwisha. Alikuja kuniuliza mimi, kwa kuwa ni mwalimu. Nilikuwa nasahihisha madaftari, safari hii nikayafunga. Kabla sijafungua mdomo, dada akatoka jikoni na birika la chai, akauvuta upande wa kulia mkeka alioketi yule binti, akamwuliza: "Huyo aliyekushauri anaishi wapi?"

Binti akaanza kueleza njia. Anaishi Makindye, karibu na soko, nyumba yenye geti la bluu, na mkewe anamfahamu. Dada akamimina chai. "Vizuri," akasema. "Kesho nenda kwake nyumbani, mkewe akiwepo, umwulize ukishindwa kulipa mkopo nani atakulipia. Ukirudi utueleze alivyojibu."

Hajarudi bado. Tunamngoja.